Kwa Lesieli na Tamolini Wake

Mwaka umetimia, Lesieli, tangu cherehani yako iliponyamaza na nyumba yetu ikanyamaza nayo. Unatujua sisi: ukimya kwetu ni ugonjwa. Ndiyo maana tunaongea nawe hapa gazetini, mbele za watu. Anayetaka kusikiliza na asikilize, maana wewe hukuwahi kumfukuza mtu aliyesimama dirishani kutega sikio.

Ulikuwa fundi wa sare za shule hapa Kolovai. Watoto wa kijiji hiki wote wamesimama mbele yako wakipimwa, nawe pini zi mdomoni unawauliza habari za nyumbani kwao. Wale ambao wazazi wao hawakuwa nacho uliwashonea kwanza, ukasema kuna kitambaa kimebaki. Kilikuwa kinabaki kila mwaka, kitambaa hicho.

Kando ya cherehani palikuwa na kitabu kilichofunguliwa, kimebanwa na mkasi kisijifunge. Sura ikinoga, mtoto wa watu alipata shati lenye mikono miwili ya kushoto. Vaimoana, jirani yetu, alikuja amefura na shati la mwanawe mkononi. Ukamtazama, ukamwambia, "Nisamehe, shoga. Palikuwa na busu."

"La kwanza?"

"La kwanza."

Akakaa chini asimuliwe. Shati alilisahau, alirudi kulichukua kesho yake.

Na vitabu vyenyewe sasa. Riwaya za vijana, za majoka na mapenzi, wasichana wenye visu viunoni na wanawafalme wasiojua kufunga vifungo vya mashati yao. Mwanao Siosaia alikutumia kutoka Auckland ndani ya pipa, vimebanwa katikati ya nyama ya kopo na sabuni, na wewe pipa likifunguliwa ulipita nyama bila kuisalimia. Majalada uliyafunika kwa kurasa za kalenda ya kanisa ili mke wa mchungaji asione vile vifua. Siku moja mke wa mchungaji akaja mwenyewe, akasogea karibu, akakunong'oneza kama unaweza kumwazima kile cha mwezi wa Agosti.

Shangazi Lavinia hakukuacha. "Mtu mzima na mvi zako, unasoma mambo ya wasichana wa miaka kumi na sita."

Ukamjibu bila kuinua macho: "Shangazi, mimi nilipokuwa na miaka hiyo nilikuwa nafua nguo zako. Niache niipitie sasa."

Kila Alhamisi wanawake walikuja kusuka mikeka sebuleni kwetu, bega kwa bega sakafuni, majani ya mkadi yametandazwa mpaka mlangoni, chai haina pa kupitia. Sisi tulisuka, wewe ulitusimulia kwa lugha yetu ulichosoma juma hilo. Vingi vilipita tukavisahau. Hatukuweza kumsahau Wena, binti wa mwoka mikate aliyesikia lugha ya majoka, wala Tamolini wake, mwanamfalme aliyefukuzwa na baba yake. Vitabu vitano, kila kimoja kizito kama tofali. Mwishoni mwa cha pili Tamolini akapigwa mshale wa mgongo na kaka yake mwenyewe, akabebwa mpaka pangoni, hajulikani ni mzima au ni maiti. Hapo ukanyanyuka, ukasema vilivyobaki bado hujasoma, mpaka Alhamisi.

Mama mkwe wako, Bibi Kalolaine, hakupata usingizi juma zima. Jumapili mchungaji alipouliza kama kuna mwenye haja ya kuombewa, akasimama na mkongojo wake. "Naomba tumwombee kijana wetu Tamolini. Ameumizwa mgongoni. Yuko mbali, na hana mama karibu."

Mchungaji Uaisele akaomba hadi jasho likamtoka. Kanisa zima likaitikia, tarumbeta zikapigwa. Baada ya ibada akakufuata nje. "Pole sana, mama. Huyo kijana yuko hospitali gani, nimpigie simu?"

"Hayuko hospitali, Mchungaji. Yuko pangoni, anauguzwa na joka."

Mchungaji akarudisha simu mfukoni. Kisha akauliza, "Na hilo joka limeokoka?"

Alhamisi iliyofuata ukatuambia Tamolini amefumbua macho. Bibi Kalolaine aliweka majani yake chini akalia. Hatukuwa tumemwona akilia tangu siku tulipompokea uwanja wa ndege Semisi, mumeo, mwanawe wa pekee, aliyekwenda Australia kuchuma matunda akarudi ndani ya sanduku.

Kisha kisukari kikakuzidi, ukatuacha katikati ya kitabu cha nne. Wanawake waliendelea kuja baada ya mazishi, lakini udhuru ukaanza. Huyu goti, yule wageni, yule mvua ambayo sisi hatukuiona. Mwishowe tukabaki sebuleni mimi dada yako na Bibi Kalolaine, ncha mbili za mkeka mmoja. Unajua mimi Fane nilivyo, Lesieli. Mimi hata chai siwezi kunywa bila mtu wa kumwambia ni ya moto.

Vaimoana ndiye aliyesema ukweli. "Tunakuja kufanya nini, kutazamana? Tunataka kujua mambo ya Tamolini. Fane, wewe Kiingereza unakijua. Soma wewe, turudi."

Nikachukua kitabu cha nne nitafute pale ulipoachia. Tamolini hayumo. Nikarudi cha tatu. Hayumo, ila Wena anapita akimtaja na kunyamaza. Nikarudi cha pili, sura ya mwisho, pangoni. Hafumbui macho. Anakufa, Lesieli. Anakufa katika kitabu cha pili, Wena anamfunika uso, na wala hakuna joka linalomuuguza mtu.

Nilikaa kwenye kiti chako cha cherehani. Yote tuliyosikia tangu hapo, vita alivyopigana, utani wake, barua aliyomwandikia Wena iliyomfanya Vaimoana akose mstari wa kusuka, yalikuwa yako. Ulisoma mwenyewe jinsi binti yule alivyofanywa mjane kabla ya ndoa, wewe uliyeujua ujane, ukakifunga kitabu, ukaja ukatuambia ameamka. Hukumwambia mtu. Hata mimi.

Nikaogopa. Nikisema, nyumba haitajaa tena, na Bibi Kalolaine atazika mtoto wa pili. Nikinyamaza, itabidi niendeleze, na mimi sina ulimi wako. Umbea wangu lazima umpate mtu wa kweli, mwenye anwani.

Nikawaita wote Alhamisi moja. Wakaja haraka, hata wa goti. Nikawaambia. Hakuna aliyesuka. Vaimoana akasema polepole, "Lesieli mwongo wee," kwa sauti ile anayowasemeshea wanawe wakiwa wamelala.

Bibi Kalolaine hasomi Kiingereza. Aliomba aonyeshwe ukurasa wenyewe, akauwekea kiganja, akakaa nao. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni, nikimngoja wa kwanza kunyanyuka.

Kisha akanirudishia kitabu. "Huyu wa humu masikini hakuwa na watu wa kumwombea. Wetu tulimwombea kanisa zima, akapona, na mchungaji ni shahidi. Haya, walifika wapi?"

"Mama, mimi sijui kutunga."

"Nani kakwambia utunge peke yako?"

Tangu siku hiyo, mdogo wangu, sebule haina pa kuweka mguu. Ninasoma ya Wena na majoka kama yalivyoandikwa. Tukifika mahali ambapo Tamolini angekuwepo, ninafunga kitabu, vita vinaanza. Vaimoana anamtaka awe mfalme. Shangazi Lavinia, huyo huyo wa mvi zako, anamtaka arudi alime viazi vikuu vyake, maana ufalme hauna usingizi, na akipingwa anasusa mpaka abembelezwe. Mke wa mchungaji anamtaka tu afunge vifungo, na hatuamini. Mtu akimpa Tamolini neno la kipuuzi, chumba kizima kinamrukia: "Lesieli asingemruhusu aseme hivyo." Basi tunarudi nyuma, tunakaa kufikiri wewe ungempa neno gani. Hapo ndipo kila mtu anakumbuka kitu ulichowahi kumwambia yeye, jioni inaisha, na mkeka umeongezeka upana wa kidole.

Kwenu mnaosoma: Alhamisi hii ndiyo siku yake ya mwaka. Asubuhi tutakwenda makaburini kutandaza mchanga mweupe na maua. Mchana njooni nyumbani wote. Nguruwe yupo, majani ya magimbi kwa nyama ya kopo na tui yapo, na Tamolini anamwoa Wena. Tumebishana tukakubaliana kwamba ametosha kuzurura. Mchungaji Uaisele amesema hafungishi ndoa za watu wa vitabuni, kisha akauliza chakula ni saa ngapi.

Bibi Kalolaine ndiye atakayekaa mahali pa mama wa bwana harusi. Hakuna aliyemwomba, ametangaza mwenyewe. Nguo ameshafua, zimeanikwa uani tangu jana, na anatuuliza kila saa kama zimekauka.

Wanaokukumbuka ni mwanao Siosaia na mkewe Ilaisaane, wanaokuja na ndege ya Jumatano. Mama mkwe wako Kalolaine. Shangazi yako Lavinia. Mimi dada yako Fane na wanangu wote. Vaimoana na wanawake wa Alhamisi. Na watoto wa shule ya Kolovai, ambao mwaka huu wamevaa mashati yenye mikono sahihi na hawajayafurahia.

Hujasahaulika, Lesieli, na hatutakusahau.