Kitu Pekee Ambacho Owino Alikimaliza

Jumanne. Mvua ya asubuhi Migori, jua kali Homa Bay, na viatu vyangu vina matope ya kaunti zote mbili. Lakini nina furaha ya kipumbavu, kwa hivyo naandika kabla haijapoa.

Jumamosi naolewa na Joseph, yule mjane mwenye mashine ya kusaga mahindi. Kila kitu tayari isipokuwa karatasi moja. Msajili wa ndoa amesema bila nakala ya talaka yangu ya kwanza, yenye muhuri wa mahakama, hakuna harusi. Yangu ilikuwa kwenye sanduku la baba. Nilipolifungua wiki jana, mchwa walikuwa wameshaisoma yote.

Ndiyo maana leo nimekwenda kwenye mahakama iliyotuachanisha, mimi na Owino, miaka kumi na minne iliyopita.

Niseme ukweli kuhusu Owino. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba hakuwahi kumaliza kitu. Nyumba yetu ilikuwa na ukuta upande mmoja uliopigwa lipu na mwingine wa udongo mtupu. Choo hakikupata mlango mpaka naondoka. Nimeisimulia hadithi hiyo sokoni mara nyingi sana, na watu hucheka kila mara.

Karani wa masjala, dada mpole mwenye miwani, aliniuliza namba ya kesi. Sikuwa nayo. Nikampa majina yetu na mwaka, naye akapotea kwenye makabati karibu saa nzima. Akarudi na faili jembamba lenye vumbi, akasoma ukurasa wa kwanza, akakunja uso.

"Mama, hii ni talaka ya muda tu. Ulifaa kurudi baada ya miezi kadhaa uombe ile ya mwisho. Ulirudi?"

"Kurudi kufanya nini, nyar baba, dada yangu? Ng'ombe walikuwa wamesharudishwa!"

Sikuwa natania. Hatukujaliwa watoto, kwa hivyo baba aliwarudisha ng'ombe wote wa mahari, hata yule mwekundu aliyegoma katikati ya barabara. Kijiji kizima kiliwaona wakipita. Kwetu hapo mambo yamekwisha. Nani angefikiria kurudi mahakamani?



Miaka kumi na minne najiita mwanamke huru, kumbe bado ni mke wa Owino! Nikaona gauni langu likining'inia bure ukutani, na Joseph wangu akiambiwa asubiri kesi upya. Nilitaka kulia pale pale kwenye kaunta.

Karani akafungua ukurasa mwingine. Akatabasamu.

"Pole mama, usishtuke. Ya mwisho iko. Ni mzee wako wa zamani ndiye alikuja kuiomba."

Nikaivuta ile karatasi karibu na macho. Saini ya Owino, ile ile ya kujikunjakunja, imefika mpaka mwisho wa mstari. Alipanga foleni, akajaza fomu, akarudi kuichukua. Peke yake. Wala hakuniambia.

Nilicheka mpaka karani naye akacheka bila kujua sababu.

Nakala ninayo sasa, imepigwa muhuri, iko ndani ya bahasha mbili na mfuko wa plastiki. Joseph nimemwambia kwenye simu, akapiga kelele mpaka wateja wake wakatua magunia chini.

Lakini kuna jambo linaniwasha, na hapa ndipo mahali pa kulikiri. Miaka yote nimemcheka Owino kwa choo kisicho na mlango. Kumbe kati yetu wawili, mimi ndiye niliyeacha kazi katikati.

Kesho asubuhi napeleka karatasi kwa msajili. Nikitoka hapo nampigia Owino, namwambia asante. Halafu nitamuuliza kama kile choo kilipata mlango.