Mgonjwa Wangu wa Manjano

Shoga, uko? Acha unachofanya. Nimeumbuka mbele ya mama mkwe.

Unamkumbuka yule samaki wangu mdogo, Bi Kidole? Tangu juzi kageuka manjano tupu! Chakula hataki, anajificha kwenye kile chungu cha tangini, na mumewe akisogea tu anamtimua. Nikasema huyu anaumwa. Leo nikamtenga kwenye ndoo, na chumvi nikamtilia.

Ndoo, shoga!

Basi mama mkwe akavaa miwani, akachungulia tangini. "Mwanangu, hivi vidude vyekundu vilivyoganda darini mwa chungu ni nini?"

MAYAI. Dari nzima mayai!

Na baba mtu keshaingiza kichwa mle chunguni, mdomo wazi. Anataka kuwala wanawe! Nikamfukuza kwa mkono, gauni likalowa hadi begani. Nikamrudisha mama yao mbio mbio. Unadhani alinishukuru? Kanidonoa kidole kwanza, ndipo akaingia chunguni, akaanza kuyapepea mayai yake kwa mapezi kama vile hakuna kilichotokea.

Nikajitetea: "Mama, ningejuaje? Kanuna, hali chakula, haguswi, mume hataki hata kumwona!"

Mama mkwe akavua miwani. Akanitazama weee.

"Na wewe ulipojifungua si ulikuwa hivyo hivyo? Mbona sisi hatukukutia kwenye ndoo?"

Usithubutu kucheka. Mume wangu yuko jikoni, ameshacheka kwa niaba yenu wote.