Kiganja Chako Mgongoni

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Najua ungekuwapo ungeikataa. Kila asubuhi nilipokuamkia ofisini uligeuka kutazama nyuma yako, eti kuna bibi gani mwingine ameingia, kisha ukanikemea kwamba tumepishana mwaka mmoja tu na nisikuzeeshe. Leo huna pa kugeukia. Ipokee tu.

Nimetoka kanisani, nimekaa uani. Mbele yangu kuna dera limeanikwa, limefuliwa na kusuuzwa, na bado ukiligusa lina chumvi. Nitakueleza lilivyoipata hiyo chumvi, maana ndiyo sababu ya barua hii. Lakini nakujua, utataka habari za shule kwanza.

Juu ya meza yako wameweka mashine ya kuchapia mitihani. Iliharibika kabla haijamaliza wiki na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Wasichana bado wanacheza rede nyuma ya madarasa, na siku hizi wavulana nao wameingia, wanapigwa mpira wa mgongo na kubisha kwamba haukuwagusa. Filimbi yako ninayo mimi. Binti yako Saumu aliniletea baada ya hitima, akasema tu, "Shangazi, hii yako." Niliitia kwenye mkoba ikakaa humo, na kila nilipotafuta kalamu nilikutana nayo.

Tena kuna jambo la msibani. Mimi Mshambaa, wewe Mdigo, na mtani haji msibani kulia, anakuja kuchekesha. Watu pale barazani walinitazama wakingoja niweke kitu mdomoni mfano wa filimbi, niigize ule mwendo wako wa bata, wafiwa wapumue kidogo. Niliinuka. Nikakuta sina hata neno moja, nikalia mbele ya watu wazima mpaka mumeo mwenyewe ndiye akaniletea maji ya kunywa. Mfiwa anamnyamazisha mtani! Aibu ile sikuimaliza siku ile.

Presha ndiyo iliyokuchukua, jikoni kwako, unakuna nazi, na kila mtu anajua. Hata hivyo hakukosekana mtu hapa mtaani Makorora wa kusema ni bahari, kwamba mwanamke hawezi kuingiza watoto wa watu majini miaka yote hiyo bahari isidai chake. Niliposikia hayo sokoni nilitukana kwa Kishambaa, ili nisieleweke. Muuza nyanya alikuwa Mshambaa.

Sasa jambo lenyewe.

Mwanzo wa muhula Mwalimu Mkuu aliniita. Unamjua, si mtu mbaya, ila mtihani wa darasa la nne unamkosesha usingizi. Alisema kipindi cha kwenda pwani kimeondoka na mwenyewe, na kuanzia sasa watoto watabaki ndani wafanye Hisabati. Nikamwambia nitakichukua mimi. Akanitazama sana. "Mwalimu Naomi, si wewe uliyekuwa ukilinda viatu?"

Kweli nililinda viatu. Miaka yote ile nilikaa mchangani pale Sahare na rundo la ndala na viatu, wewe uko majini, watoto wamekuzunguka, wasichana na madera yao yamepigwa mafundo magotini, kila mmoja na dumu tupu la mafuta ya kula kiunoni. Mimi sikuzaliwa na bahari. Kwetu Bumbuli maji yana kazi mbili, kunywewa na kumwagilia kabichi. Ni wewe uliyenivuta mkono siku moja watoto walipokwisha kutoka. "Waogopa nini? Hayana meno haya."

Nikikumbuka namna yako ya kufundisha nacheka peke yangu. Ulimlaza mtu chali, ukaweka kiganja kimoja chini ya mgongo wake, ukamwambia atazame juu, asitazame miguu, kwa kuwa anayetazama miguu huifuata. Kisha ukaanza soga: nani kaolewa, nani kaachika, samaki wa leo bei gani. Huku soga inaendelea ulikitoa kiganja polepole, ukarudi nyuma, ukainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kungoja. Mtu akija kusimama anakuona uko kule, mikono juu, anajua hakuna aliyekuwa amemshika. Hukuwahi kumwambia mtoto "umeweza." Kazi hiyo uliiachia mikono. Mimi uliponiinulia nilikuwa mama mzima mwenye wajukuu, nikapiga yowe, nikazama, nikanywa nusu ya bahari ya Tanga. Ulicheka mpaka nawe ukakaa chini majini.

Basi nikamkumbusha Mwalimu Mkuu maneno yako ya kwenye vikao: bahari haihami, mtoto wa Makorora ataifuata hata mkimfungia, afadhali aijue. Akakubali, kwa sharti kwamba siku wazazi watakapokuja getini kulalamika, tunarudi ndani na Hisabati.

Nikaharibu wiki ya pili.

Wewe uliwapeleka pwani wiki hii, wiki inayofuata ukawachezesha uwanjani, kisha pwani tena. Mimi, na ualimu wangu wote, nilidhani unapumzika. Nikaona nioneshe bidii: kila Jumatano, saa nne asubuhi, pwani. Jumatano ya kwanza maji yalikuwa yamejaa, yametulia, tukacheza ukingoni hapo kwa raha. Jumatano ya pili tunafika, mistari imenyooka, madumu viunoni, bahari hakuna. Imekwenda zake. Mbele yetu tope na majani ya baharini, na kwa mbali kabisa kina mama wameinama wanaokota kome.

Unamkumbuka Riziki, yule mwenye pengo, uliyemfundisha kuelea mwaka jana? Alinivuta sketi. "Mwalimu, leo si siku yake. Mwezi nusu, maji ya watoto. Mwezi mzima, maji ya wenyewe." Darasa zima likaitikia, kumbe uliwafundisha kama wimbo, na mimi nilikuwa pale pale nahesabu ndala. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inajaa kabla ya adhuhuri na haina haraka. Mwezi ukiwa mzima, au ukiandama, ni bamvua, saa zile zile imekupwa mbali, na ikirudi inarudi kwa kasi. Mpwani gani asiyejua? Mimi nilikwenda na ratiba ya ukutani.

Sikutaka kuwarudisha bure. Tulikaa karibu na mchanga mkavu, wakashindana mbio topeni, wakafukuza kaa, wakapima kwa vidole mashimo ya kaa wakubwa na wadogo, mmoja akapata kiti cha pweza, kile kiumbe chenye umbo la nyota, akakizungusha kwa wenzake wote wakishike. Ilikuwa asubuhi nzuri, nasema kweli. Ila mashati yalikuwa meupe tulipotoka, na tuliporudi hayakuwa na rangi yenye jina. Kesho yake kina mama walijaa getini.

Mwalimu Mkuu akaitisha kikao hapo hapo kwenye veranda. Aliyesimama kwanza ni Mama Riziki, yule muuza vitumbua wa njia panda. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. "Marehemu alikuwa wa maji," alisema. "Huyu ni mtu wa milimani, hata mwezi haujui. Mie mwanangu simtoi." Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia, kwa sababu hakuna neno hapo lisilo kweli. Nikasema ninajua kuelea, Bi Mwanahawa alinifundisha. Akanitazama juu mpaka chini. "Haya, basi uingie wewe kwanza, sote tukuone. Ukielea, watoto hawa hapa. Ukizama, tutakuopoa, tutakukausha, na mambo ya pwani yaishe."

Watu wakacheka. Nami nikangoja Mwalimu Mkuu anitetee. Akauliza mwezi nusu ni lini.

Dada, tangu ufe nilikuwa sijaingia majini. Na hata ulipokuwapo sikuwahi kuelea mahali ambapo wewe hukuwa umesimama karibu. Hilo hukulijua, au ulilijua ukalinyamazia. Siku zile za kungoja nilikuwa nikilala chali kitandani, natazama dari, mume wangu anauliza kama naumwa mgongo.

Siku yenyewe walikuja na miavuli, na chupa za chai, na Mama Riziki na beseni la vitumbua, utadhani harusi. Watoto wamepangwa mchangani. Mwalimu Mkuu amekunja suruali, viatu mkononi. Niliingia na dera jipya, likajaa hewa likapanda hadi mabegani, wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika maji ya kiunoni nikalala.

Miguu ikashuka. Nikaitazama, nikaifuata.

Nikajaribu tena. Maji puani. Nikasimama nakohoa, na mchangani wakati huo hakuna tena aliyekuwa akicheka. Mtu mmoja akasema, "Basi, yatosha, masikini." Mwalimu Mkuu alikuwa anaanza kuvaa viatu. Nikawaona watoto wale na madumu yao ambayo hayatakuwa na kazi, nikaona Jumatano zao zote ndani ya darasa, na siku watakayotoroka kuja huku wenyewe bila mtu. Nikakukasirikia, Mwanahawa. Nakwambia wazi. Nilikukasirikia kwamba ulinifundisha nusu ukaenda zako.

Ndipo nikamsikia Mama Riziki anaita, "We Riziki! Rudi hapa!" Mtoto alikuwa ameshaingia. Alikuja na dumu lake kiunoni, maji yakamfika kifuani, hakuomba ruhusa wala hakunisalimu. "Mwalimu, lala. Tazama juu."

Nikalala. Akaniwekea kiganja mgongoni, kidogo, cha baridi. Halafu akaanza: paka wao amezaa chini ya kitanda, watoto wanne, mmoja hana mkia. Mama jana ameunguza vitumbua akamsingizia jiko. Kaka yake ana mchumba Pangani lakini ni siri. Nikawa naitikia, enhe, enhe, natazama wingu moja lililokuwa juu yangu na kunguru anapita chini yake. Maji yakaniziba masikio. Sauti yake ikawa ndogo. Nikamwuliza huyo asiye na mkia ni dume au jike, asinijibu. Nikamwuliza tena.

Nikasimama.

Riziki alikuwa kule nyuma, karibu na mama yake, ambaye alikuwa ameingia majini na baibui lake mpaka magotini kumfuata. Mtoto amesimama wima, kimya. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kichwa.

Mama Riziki aliitazama ile mikono ya mwanawe, akanitazama mimi, akaitazama tena mikono. Nadhani alikuwa anakuona. Mimi nilikuwa nakuona. Kisha akageuka nchi kavu akapaza sauti, "Haya, mnangoja nini? Leteni hao wengine, maji yasije yakatukimbia."

Hapo nikaitoa filimbi yako, niliyoifunga asubuhi kwenye fundo la dera. Nilitaka kuipuliza watoto waje, ikatoa maji badala ya sauti. Basi nikaitia mdomoni hivyo hivyo, nikatoka majini kwa mwendo wako, makalio kushoto, makalio kulia, kidole kinaonesha ndala zilizokaa vibaya. Wakakutambua kabla sijafika mchangani. Mama Riziki alikaa chini na baibui lililolowa, akicheka na kulia, nami vivyo hivyo. Utani wako wa msibani, dada, ndio huo. Umechelewa, lakini ulifika na watu walikuwapo.

Riziki amepewa kazi ya kuangalia mwezi. Anaripoti mstarini asubuhi, na Mwalimu Mkuu anamsikiliza akiwa amefunga mikono nyuma. Hisabati tunaifanya huko huko pwani tukingoja maji yajae: hatua, vivuli, mashimo ya kaa. Juzi mwanafunzi wa darasa la tatu aliniuliza kwa nini simwambii kwamba ameweza. Nikamwambia asubiri aone.

Nakuahidi nitakwenda na mwezi, si na ratiba. Hakuna mtoto wa shule yetu atakayeingia baharini mara ya kwanza akiwa peke yake, maadamu nina pumzi, na nikistaafu nitaiacha filimbi shingoni mwa mtu. Mungu akurehemu, kwa maneno ya kwenu na ya kwetu.

Lala, Mwanahawa. Tazama juu, usitazame miguu. Mimi niko hapa nyuma kidogo tu, na mikono yangu yote miwili iko juu.

Mtani wako wa milimani,
Naomi