Maandalizi ya Mkono wa Kushoto

Masara,
Jumatatu asubuhi

Kwako Mama, huko Sindo,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umeshakunywa uji, na goti limetulia. Sisi huku tu wazima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na haya si mambo ya kupigia kelele sokoni. Akinyi, mke wa kaka, akusomee polepole, na asiruke kitu hata akiona haya.

Kwanza nikuombe msamaha. Krismasi nilikwambia sikuja kwa sababu nguo za wateja zilikuwa nyingi. Nguo zilikuwepo, lakini kilichonizuia ni mkono. Baada ya ule upasuaji wa titi, ulipokuja ukaniuguza, mkono wa kushoto ulianza kuvimba kidogo kidogo, mpaka nikafumua blauzi zangu zote na kuongeza kitambaa mikononi. Mimi fundi wa nguo, Mama, nilijishonea uongo. Sikutaka uone ukadhani ugonjwa umerudi. Mimi mwenyewe nilidhani umerudi.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikaenda hospitali kule Migori. Daktari alinipima, akaniambia ugonjwa haujarudi. Walipotoa tezi za kwapani, kuna maji ya mwili yanayoitwa limfu ambayo yalikosa njia, yakabaki mkononi. Akanituma kwa mama mmoja anayetibu viungo, mzaliwa wa Kendu Bay, mnene, mwenye maneno mengi kama shangazi. Huyo akanipa siku ya kuja kukandwa. Akanitajia ya kufanya nikayaandika: ninywe maji ya kutosha, nivae blauzi pana, nisijipake mafuta, nivue saa, bangili na pete. Na mkono ukipata joto au ukiwa mwekundu, nisingoje siku yangu, niende mara moja.

Niliporudi nikamsimulia Mama Boke, anayeuza samaki wa omena karibu na cherehani yangu. Kesho yake akaja na chupa ya mafuta moto, pamoja na mama mwingine mwenye vidole kama michi.

"Hiyo ni maji tu," Mama Boke akasema. "Huyu ataikamua mara moja. Ya nini kwenda mpaka Migori?"

Mama, nilikunja mkono wa blauzi. Nilikuwa nimechoka kungoja. Lakini yule mama aliponishika, nikaona vidole vyake vimeacha mashimo kwenye ngozi, nikaingiwa na hofu. Nikamwambia angoje kidogo, nikampigia simu yule wa Kendu Bay.

"Mwambie asiuguse," akasema. "Kukanda huku si kukamua. Ni kama kumpapasa mtoto shavuni ili alale. Akikukamua atakuumiza."

Mama Boke alininunia siku mbili. Ya tatu akaniletea sahani ya omena, akaniuliza kama nimekunywa maji. Tangu siku hiyo amekuwa askari wangu wa maji, hata mbele ya wateja.

Ikabaki pete. Unaijua, ile ambayo mkweo Baba Atieno alinitengenezeshea kwa dhahabu yake ya kwanza kuchimba hapa Masara. Tulijaribu sabuni. Tukajaribu uzi wa cherehani, tukauzungusha kidoleni kuanzia kwenye pete mpaka karibu na ukucha, tukaivuta polepole. Ilifika kwenye kifundo ikagoma, kidole kikaanza kuwa cheusi. Nikasema basi, nitaenda nayo hivyo hivyo. Baba Atieno alichukua kofia yake, akanishika mkono ule mzima, tukaenda kwa sonara yule yule aliyeitengeneza.

Sonara alimtazama mume wangu, hakunitazama mimi. "Nikate?"

"Kata," Baba Atieno akasema. "Dhahabu nitachimba nyingine."

Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliifunga kwenye kipande cha gazeti, akaitia mfukoni, akasema twende tukanywe chai.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Maji niliyokunywa yalinipeleka choo mara tatu kabla ya kuitwa ndani. Yule mama akaanza kunipima mkono kwa utepe, kifundo, kiwiko na juu yake, nikaona utepe ameushika umelegea. Nikamwambia, "Daktari, kwa kipimo hicho shati litanipwaya." Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa utepe nimwonyeshe. Alipomaliza kunikanda alipima tena. Mkono ulikuwa umepungua kama upana wa ukucha. Ni kidogo, na amesema kazi bado ni ndefu, lakini niliweza kukunja vidole vyote bila ngozi kunibana.

Kisha akamwita Baba Atieno aje ajifunze, ili anisaidie nyumbani. Mikono yake ya kuvunja mawe unaijua. "Wepesi zaidi," yule mama akamwambia. "Bado. Wepesi zaidi." Jasho lilimtoka kuliko akiwa shimoni.

Jana, tuliporudi kutoka Misa, niliketi kwenye kiti kirefu akaanza kunipapasa jinsi alivyofundishwa. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka mvua ilikuwa imenyesha ikakatika, na ugali ulikuwa haujapikwa. Bado alikuwa anaendelea, kichwa kimeinama. Nikamuuliza kwa nini hakuacha. Akasema, "Hukuniambia imetosha."

Nisalimie kaka na watoto wake, shangazi anayeanika samaki, na katekista wetu, ambaye aliniombea muda wote huu bila kuniuliza naumwa wapi. Mwambie Akinyi nimemshukuru kwa kusoma mpaka hapa.

Ni mimi binti yako wa pili, ambaye Agosti atakuja kukukumbatia kwa mikono yote miwili,

Adhiambo