Pikapu Iliyokatwa Nyuma

Chepilat,
6 Mei 2024

Kwako binti yangu Mokeira,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Eldoret, na kwamba kazi ya duka la dawa haikuchoshi kupita kiasi. Hapa mvua inanyesha kila alasiri, na majani chai yanachipua kwa kasi kuliko mikono ya wachumaji. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo sitalitaja tena.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya habari fupi, na habari hii si fupi. Nimeamua kuipunguza urefu ile pikapu ya Peugeot. Unajua kwamba imesimama chini ya mparachichi, imefunikwa turubai, tangu tulipomzika mama yako mwezi wa Februari. Juzi niliifunua nikaikagua. Nyuma imeliwa na kutu, kuanzia pale magurudumu yanapoishia hadi kwenye mlango wa nyuma. Sitaki kuitia viraka kama suruali ya mchungaji. Nitaikata sehemu yote ya nyuma, niusogeze mlango mbele, nichomelee upya, kisha niirudishie rangi yake ya kwanza, ile nyeupe kama maziwa.

Kazi hii nitaifanya mwenyewe, hapa nyumbani. Grinda nimenunua. Mashine ya kuchomelea nimeazimwa na Chepyegon wa ng'ambo ya barabara. Alipoileta alisimama akaniangalia nikipiga mistari ya chaki kwenye bodi.

"Mwalimu," akasema, "umestaafu ualimu, sasa umekuwa fundi cherehani wa magari?"

Nilimjibu kwamba nguo ikiwa ndefu hukatwa. Alicheka peke yake, akaenda zake.

Naomba unitafutie huko taa mbili za nyuma za Peugeot 404. Hizi za zamani zimepasuka. Usinunue za gari jingine ukidhani zitafanana.

Baba yako.


Eldoret,
19 Mei 2024

Kwako Tata,

Pokea salamu zangu, na goti ulilokataa kulitaja nalisalimu pia. Mimi sijambo. Baridi ya huku inashindana na ya huko, lakini ninayo makoti mawili.

Taa nimezipata kwa mzee mmoja anayeuza vipuri vya magari ambayo hayatengenezwi tena. Aliniuliza ni gari la nani. Nilipomwambia ni la baba yangu, na bado linatembea, alinipunguzia bei kwa heshima yako.

Sasa niruhusu swali, Tata. Mwezi wa Januari uliniambia kutu ile ni kama kiganja cha mkono, na kwamba kipande kimoja cha bati kitatosha. Imekuwaje sasa ni nyuma nzima? Pikapu ile tangu nizaliwe ni ndefu. Imebeba majani chai hadi kituo cha kupimia, imebeba maziwa, imebeba maharusi wakiwa wamesimama na kuimba. Na kila mtu aliyelala mochari, kuanzia Chepilat hadi Ndanai, wewe ndiye uliyemrudisha nyumbani kwayo. Hakuna aliyewahi kukulipa, na hukuwahi kumkataa hata mmoja. Ukishaikata, itabaki na urefu gani?

Sikugombezi. Nauliza tu.

Mokeira wako.


Chepilat,
16 Juni 2024

Kwako binti yangu,

Nashukuru kusikia kwamba u mzima. Hapa pia tu wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Taa zimefika salama, nazo ni zenyewe.

Kazi inaendelea, ingawa si bila makosa. Kuikata nilikata vizuri. Chesisi, yaani mihimili ya chini, nilifupisha pia, nikalainisha ncha zake kwa tupa. Tatizo lilikuja kwenye sakafu. Niliweka bati jipya, nikachomelea kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupumzika, kama mtu anayeandika mstari ubaoni. Bati likapata joto, likajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye moto. Ilinibidi nilikate lote nianze tena. Safari hii ninachomelea nukta moja hapa, nyingine kule mbali, nasubiri lipoe, kisha narudi. Kazi hii haitaki mtu mwenye haraka, nami sina haraka ya kwenda popote.

Uliuliza urefu. Sakafu sasa ni futi tano. Madebe ya maziwa yanatosha, na magunia ya majani yanatosha.

Marcella, mke wa Chepyegon, alivuka barabara kuniletea mursik, maziwa ya mgando, katika kibuyu. Aliizunguka pikapu mara moja, akasema, "Mwalimu, umeipunguza hivi, mimi nitakaa wapi na magunia yangu? Au nitakaa juu ya bonde la Sotik nikining'inia?" Nilimwambia atakaa mbele kama mheshimiwa. Akasema hajazoea.

Siku iliyofuata Chepyegon mwenyewe alikuja na tepu. Alipima, akaikunja tepu polepole.

"Hii haitoshi mtu," akasema.

"Mtu hukaa mbele," nikamjibu.

"Nasema mtu aliyelala, Mwalimu."

Niligeukia bodi. Nilikuwa na kazi ya kupiga msasa.

Usijali kuhusu kutu. Kutu huwa inafika mbali kuliko macho yanavyoona.

Baba yako.


Eldoret,
30 Juni 2024

Kwako Tata,

Natumaini u mzima, na ndama ananyonya vizuri. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimekaa na barua yako kwa muda kabla ya kukuandikia, kwa sababu ulinilea nisimwambie mtu mzima jambo kabla sijalifikiri. Nimelifikiri. Naomba ulisome hadi mwisho.

Siku ile ya Mama mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Wote waliopaswa kukaa nyuma pamoja naye walikimbilia gari la kukodi, nami nikiwa mmoja wao. Wewe ulifunga turubai juu ya sanduku, ukaingia ukashika usukani. Mwanamume anayekwenda kumzika mkewe huketi akashikwa mkono. Lakini hakuna aliyesema neno, maana gia ya pikapu ile iko kwenye usukani na wewe peke yako ndiye unayeijua. Tena tumezoea. Akifa mtu, Mwalimu Nyabuto anaendesha. Hata alipokufa wako, tuliona ni kawaida uendeshe. Nilikuwa katika gari la nyuma. Niliona jinsi ulivyopunguza mwendo kwenye kila kona, hadi dereva wetu akaanza kulalamika.

Tata, wewe hukukata kutu. Umeikata pikapu ili sanduku lisiingie, watu wasipate la kukuomba.

Wataomba tu. Unawajua watu wa kwetu: watafungua mlango wa nyuma, watatafuta kamba, watakwambia linatosha. Kama huwezi tena, waambie kwa kinywa chako. Umewabeba miaka yote hiyo, hakuna atakayekulaumu. Lakini ukiwaonyesha bati fupi na kunyamaza, watadhani umewachoka wao.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mokeira wako.


Eldoret,
22 Septemba 2024

Kwako Tata,

Salamu. Sitauliza mengi juu ya afya, kwa kuwa kwenye simu unaniambia habari za mvua na ndama, kisha unasema salio linaisha, ilhali ni mimi niliyepiga. Julai imepita, Agosti imepita, na barua yangu hukuijibu. Nimekubali.

Leo ninaandika kwa sababu nyingine. Janeffer, mke wa mtoto wa Chepyegon, amenipigia akanieleza juu ya kifo cha Marcella. Najua umeshalia nao, kwa kuwa barabara tu ndiyo inayowatenganisha. Ila ameniambia jambo ambalo huenda hulijui. Baba mkwe wake amekodi gari kutoka Sotik la kumleta Marcella nyumbani Jumamosi. Wanawe walitaka kuja kwako. Aliwakataza. Alisema, "Mwacheni Mwalimu."

Sikwambii la kufanya. Sikutaka tu uione siku hiyo gari la kigeni likiingia kwa Chepyegon, bila kujua kwa nini.

Nimempa dereva wa gari la asubuhi barua hii aifikishe mkononi mwako.

Mokeira wako.


Chepilat,
30 Septemba 2024

Kwako binti yangu Mokeira,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Goti linauma kwa sababu nitakayoieleza.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama langoni. Kifo nilikijua, na kila jioni nilikuwa nikivuka barabara kukaa na wafiwa. Jambo la gari la kukodi sikulijua. Nikueleze ukweli wote: kila nilipokaa pale nilikuwa nikimsubiri Chepyegon aniombe pikapu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukataa, maneno mazuri yasiyomuumiza mtu. Hakuniomba. Nikadhani ni majonzi.

Nilipomaliza kusoma nilivuka nikamkuta nyuma ya zizi.

"Nasikia umekodi gari."

"Nimekodi."

"Langu lina kasoro gani?"

"Limekuwa fupi, Mwalimu."

"Ni fupi, lakini linakwenda."

Aliegemea uzio. "Nilidhani umelikata ili nisikuulize."

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa.

"Basi, sikukuuliza," akasema.

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Nikamwambia alizuie lile gari la Sotik, Marcella hawezi kuletwa na mtu asiyemjua. Lakini usukani sishiki, nikasema. Janeffer huendesha lori la maziwa, yeye ataendesha.

Jumamosi, kule mochari, yalitokea uliyoyaandika. Sanduku lilipita mwisho wa sakafu, mlango ukalala wazi, kamba zikatafutwa. Kamba hazikutosha. Ilikuwa lazima watu wakae nyuma walishike lisiteleze kwenye milima. Vijana walijitolea. Chepyegon akasema atakaa yeye. Nami nikapanda upande wa pili. Katika miaka yote niliyokuwa na pikapu ile, sikuwahi kukaa nyuma. Sakafu ni ngumu, na goti langu halikupewa mahali.

Kioo cha dirisha la nyuma nilikuwa bado sijakirudisha tangu nipake rangi, kwa hiyo nilimwelekeza Janeffer gia kupitia pale. "Ivute kwako, kisha juu. Si hivyo. Taratibu. Sikiliza injini inasema nini." Tulipopanda mlima wa kwanza nikamwambia arudie.

"Mwalimu," Chepyegon akasema, "acha kufundisha. Tuko mazishini."

Tukacheka, wazee wawili, mikono yetu juu ya sanduku. Watu waliokuwa kando ya barabara wakivua kofia walidhani tunalia. Mbele kidogo tulilia kweli. Kwenye kila kona sanduku lilisogea upande wake au upande wangu, na kila mara lilimkuta mtu. Chepyegon alizungumza na Marcella njia yote kwa Kipsigis. Mengine niliyaelewa, na sitayaandika.

Ulisema kweli kuhusu siku ya mama yako, ila hukujua yote. Mimi nilimwona kwenye kioo tu. Kila kona nilijua anasogea, na mikono yangu ilikuwa kwenye usukani. Hilo ndilo lililokuwa linanirudia, wala si kumbeba. Nilidhani nikilipunguza gari halitanirudia.

Barua yako ya Juni sikuijibu kwa sababu ilikuwa sahihi, na sijazoea kusahihishwa.

Jana alikuja Atuti, kijana wa kule Ndanai. Mjomba wake amefariki. Aliitazama pikapu, akaizunguka, akaniuliza kwa adabu kama itatosha. Nilimwambia itatosha, mradi watu wawili wakae nyuma. Mmoja ni mimi. Alete wa pili.

Baba yako.