Kiwanja cha Mzee Juu ya Magugu Maji

Jumatano, 16 Agosti 1995

Hadithi yangu imetoka! Ukurasa wa sita, na picha ya magugu maji juu yake. Siku hizi magazeti ya watu binafsi yamejaa mjini, na yote yana njaa ya hadithi. Winnie wa ofisini kauliza mawazo kama haya nayatoa wapi. Nimecheka tu. Ukweli ni kwamba afisa mmoja wa ardhi alinijibu viwanja vimekwisha, labda tugawane ziwa. Nikashuka Igogo, ufukweni mwa ziwa, nikaona kuku wa mtu anatembea juu ya magugu bila wasiwasi. Basi! Watu wanapimiwa viwanja humo, wanajenga, upepo unageuka, mzee mmoja anaamka Kisumu na nyumba yake na mbuzi wake.

Ijumaa, 18 Agosti

Mume wangu Elias kasoma. Hakucheka. Kaweka kidole kwenye jina la yule mzee – Ndalahwa – akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Baba yake! Marehemu baba mkwe! Tangu niolewe sijawahi kulitamka jina hilo, maana kwetu mke hataji jina la mkwe. Hata mwanangu aliyelirithi namwita Baba. Na mimi niliona nimelibuni! Nilitafuta jina la mzee, likaja lenyewe, tamu, nikafurahi. Kumbe ndilo nililokuwa nalikwepa kila siku.

Mama mkwe anakuja kesho kutoka Magu. Elias kasema mama yake akiumia, mambo ya hadithi basi. Sikubishana. Lakini nisipoandika nitabaki nani? Naogopa.

Jumamosi, 19 Agosti

Kafika. Shikamoo, marahaba, kaleta michembe ya viazi vitamu na karanga. Keshasikia! Mwalimu wa kijijini kwao kamsomea yote.

Jumapili, 20 Agosti

Baada ya kanisa mama kaniita barazani. Elias alitaka kuingilia, akatumwa nyanya.

“Umemtaja mkweo gazetini.”

Nikapiga magoti. Nikasema nisamehe mama, lilikuja lenyewe, sikulitambua.

Kanitazama weee. “Na mbuzi ulimpa wangapi?”

“Mmoja.”

“Mmoja! Mtu mwenye ng'ombe wale wote!” Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikalia. Jamani, nimepumua! Kuhusu jina, mama atamweleza marehemu mwenyewe, kaja na unga wa mtama wa kumnyunyizia kwenye tambiko. Atamwambia ni kosa la mkwewe, wala si dharau. Elias karudi na nyanya zake, katukuta tunafuta machozi, hajui aulize nini.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe mama ana dai lake.

“Umemwacha Kisumu. Mrudishe.”

Nikauliza arudi moja kwa moja?

“Hapana. Aje aniage, kisha aende. Alifia hospitali, mimi niko shambani.”

Hapo hakucheka tena. Kaniambia nichukue kalamu sasa hivi, kwa hiyo naandika hapa hapa, yeye pembeni yangu. Nimemwambia mama kwamba mzee sikumkuta hai, sijui alikuwa anaongeaje. Angeagaje?

Mama kakohoa. Kajiweka sawa kitini, kavuta khanga, na anaanza kwa sauti nzito, ya taratibu, ambayo si yake –