Nem Iliyong'atwa

Rumonge, nyuma ya soko,
tarehe 9 Agosti 2025.

Mpendwa Shangazi Agneta,

Amahoro, amani iwe nawe huko Kigoma. Mgongo wako unaendeleaje? Na mjukuu wako ameota meno mangapi sasa? Hapa sisi wote tu wazima. Mama alishikwa na mafua yakaisha, Baba yuko kwenye michikichi yake kama kawaida, na mvua bado haijarudi, ni vumbi tu.

Unisamehe kwa Kiswahili changu. Shuleni nimefundishwa kuandika Kirundi na Kifaransa, Kiswahili ni cha kusemea nyumbani. Ukikuta makosa usimsomee mwanao Leonsi, atanicheka mpaka Noeli.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya Mama, na unajua anavyosikiliza ujumbe kwa sauti ya juu mbele ya kuku na majirani. Haya siwezi kuyasema hivyo. Hata kwa mdomo wa kawaida siwezi.

Shangazi, barua yangu ya mwezi wa sita ilikuwa na uongo. Nilikuandikia kwamba Kabibi, yule binti aliyekuja kwetu kutoka Uvira mwezi wa pili, anafaa kuja kukaa kwako. Nikasema ana akili, anapenda watoto, atakusaidia kumlea mjukuu. Hayo ni kweli. Uongo ni pale niliposema nafikiria mema yake. Nilikuwa najifikiria mimi. Nilitaka aondoke.

Mama yake na Mama waliuziana ndagala wa ziwani na mawese miaka mingi, ndiyo maana vita vilipofika alimtuma kwetu, yeye akabaki kumuuguza bibi. Nilimwonea huruma kama wiki mbili hivi. Halafu akaanza kucheka na Mama. Mimi huwa nakaa kimya mpaka wageni wanauliza kama nasikia. Yeye akiingia sokoni kila mtu anamwita. Mimi Mama ananiambia, "Elda, lete sufuria." Yeye anamwambia, "Kabibi, mama wangu, njoo uone." Mama wangu!

Basi ukakubali, na juma lililopita Mama akatupeleka Bujumbura kutafuta lesepase ya Kabibi, karatasi ya kuvukia mpaka. Ofisi ilipofungwa saa ya mchana, Mama akasema tumfanyie Kabibi kitu cha kumuaga. Karibu na kituo cha basi kuna kijana anaitwa Élysée, ana kigari cha kusukuma chenye kioo na jiko la gesi, anauza vyakula vya Kichina. Ana mikate midogo myeupe iliyopikwa kwa mvuke, imefungwa juu kama fundo la kitenge. Na ana nem, ambayo ni kama sambusa iliyoviringishwa ikawa ndefu kama kidole, ndani ina tambi, kabeji na nyama ya kusaga.

Mimi, miaka kumi na sita, hakuna aliyewahi kuninunulia nem. Hilo ndilo nililofikiri nikiwa nimesimama pale.

Kabibi akachungulia kiooni. "Mama, hii iko na nini ndani? Haiko chura?"

"Chura iko bei kali, mutoto wangu," Élysée akamjibu. "Kwa pesa yenu mutapata kabeji."

Watu wakacheka. Mama akachukua nem ya kwanza, akaing'ata ncha, akatafuna polepole akimkazia Élysée macho.

"Eh, Mama, unaniogopa? Mwenye sumu angevaa kravati kama hii?"

Ni kweli alikuwa amefunga kravati nyekundu shingoni, juu ya aproni. Mama akameza, akampa Kabibi ile iliyobaki. Mimi akanipa nem nzima, ndani ya karatasi, bila kuniangalia.

Unakumbuka, Shangazi, nilipokuwa mdogo Mama alivyoking'ata kila kitu kabla ya kunipa? Kiazi, andazi, hata ndizi. Kila mara niliona alama ya mwanya wake. Siku hiyo niliuona mwanya ule ule kwenye nem ya Kabibi. Nikaonja mkate wa mvuke tulioupata pamoja na nem, ili nisilie. Nakiri ulikuwa laini, na mchuzi wake ni mtamu na mchachu kwa pamoja, nikakasirika zaidi kwa sababu ulikuwa mtamu. Nem sikuila. Niliifunga nikaishika mkononi.

Kwenye basi Kabibi alikaa kando yangu. Tulipopita Muhuta mafuta ya nem yalikuwa yameshafika kwenye sketi yangu.

"Hautaikula?"

"Sina njaa."

Akaiangalia ile karatasi. "Weye uko na bahati. Ulipewa muzima."

Nilidhani ananichokoza. "Si wewe ndiye uliyeonjewa?"

"Ndiyo. Anayeonjewa si ni mugeni, asifikiri mumemutilia sumu? Miezi sita, na Mama ananionjea bado. Weye uko mutoto wake, anakupa tu." Akageukia dirisha. "Sasa naenda kuonjewa Kigoma."

Tangu nizaliwe nimeona wageni wakipewa kinywaji, na mwenye nyumba anatangulia kuonja. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya desturi hiyo miezi sita, kila mlo. Labda Mama mwenyewe hajafikiri.

Nikafungua karatasi, nikaikata nem katikati kwa vidole, nikampa nusu kabla sijagusa yangu. Aliishika muda mrefu. Kisha akala. Ilikuwa imepoa, ngozi yake imelegea, lakini bado tamu.

Wivu ninao bado, sitakudanganya mara ya pili. Jana Mama alimsuka yeye kwanza, nikaenda kukaa jikoni na kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Lakini nguo zake zimekunjwa ndani ya mfuko tangu Jumapili. Nilipomuuliza kama anataka kwenda, aliniambia tu kwamba mama yake akivuka ziwa atamtafuta hapa Rumonge, hajui mahali pengine.

Kwa hiyo nakuomba umpigie Mama, umwambie nafasi haipo tena. Ukitaka kumwambia kwamba kosa ni langu, mwambie. Nitakuwa jikoni. Mzee Athumani anakuja huko na mawese Jumatano, amekubali kubeba barua hii. Safari ya Kabibi ni Jumatatu inayofuata.

Nisalimie Mjomba, Leonsi na Bibi Eliana, na umbusu mtoto kwenye hayo meno yake. Mungu akuponye mgongo na aulinde mlango wako.

Mwanao akupendaye, ingawa alikudanganya,
Elda

N.B. Kama umeshamnunulia godoro na ni lazima aje, basi usimwonjee kitu. Mpe kizima.